Bahari Ndani ya Mguu wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama, Agatha, ambaye soko zima la Newala linamwita Mama Wema, alikanyaga kichwa cha hongwe Jumatatu moja asubuhi, na mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

Msinihukumu haraka. Yule alikuwa mke wangu. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani, na sisi wawili utani tuliufanya kazi ya kila siku, si ya sikukuu. Nilipofika kwenye banda lake la kukaangia samaki nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitika marahaba, na adabu ikaishia hapo. Alikuwa akiniuliza ni mume gani huyu anayeamka jua likiwa limeshamchoma mkewe mgongo. Mimi nilikuwa nikimwuliza hiyo harufu ni ya samaki au ndiyo aliyoolewa nayo. Wateja walikuja kula samaki na kutusikiliza, na wengine nadhani walikuja kutusikiliza tu. Sheria ya mchezo wetu ilikuwa moja: anayenuna au kulalamika ameshindwa. Kwa miaka ishirini na miwili tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kushindwa.

Samaki wake walipanda kutoka Mtwara kwenye gari la Hamidu, ndani ya boksi kubwa la barafu. Hongwe, yule kambare wa baharini, ana mwiba mgongoni wenye meno kama msumeno, na kazi ya kwanza ya bibi kila asubuhi ilikuwa kuing'oa ile miiba kwa panga kabla hajagusa kitu kingine. Siku hiyo kichwa kimoja kiliteleza kikaanguka chini na mwiba wake, asikione. Akakikanyaga akiwa anageuza samaki kwenye karai. Mwiba ulipita kwenye kandambili kana kwamba hapakuwa na kandambili, ukaingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Nilimwambia samaki amelipa kisasi. Akanijibu, huku ameishika nguzo ya banda kwa mikono miwili, kwamba hata samaki aliyekufa ana bidii kunishinda.

Damu ilitoka. Ilibidi kuosha, na hapo ndipo nilipoingiza elimu yangu. Ilikuwa Oktoba, na Oktoba huku juu maji tunayaheshimu kama mkwe. Bandani palikuwa na ndoo moja tu, nayo ilikuwa ya kuoshea sahani za wateja mpaka jioni. Lakini chini ya boksi la Hamidu barafu ilikuwa imeyeyuka, maji tele, tena ya chumvi, kwa sababu kule pwani hupakia samaki na maji ya bahari humohumo. Nikamweleza bibi, kwa sauti ili na wateja wafaidi, tulivyofundishwa kidato cha tatu: chumvi hukinyonya kijidudu maji yote ya mwilini, kikanyauka kama mchicha juani. Hakuna kijidudu kinachostahimili chumvi. Somo hilo nilipata C, na C yangu haikuwa ya kuibia.

Basi akatumbukiza mguu kwenye yale maji. Akakaa hivyo kwa muda wa kukaanga karai zima, mimi nikigeuza samaki, yeye akinikosoa. Wateja wakasema kweli kusoma kuna faida. Katika mambo yote niliyowahi kufundishwa, hakuna mwalimu aliyenitajia kwamba viko vijidudu ambavyo chumvi ndiyo kwao.

Jumatano mguu ulikataa kuingia kwenye kandambili. Nilimwuliza huo ujauzito ni wa nani, maana mimi sijahusika. Alicheka sana. Akasema afadhali mguu wake unanenepa kwa sababu mume wake ni kama mti wa muhogo. Akakaanga samaki siku nzima akiwa ameegemeza goti kwenye kigoda. Baadaye sana, wakati taarifa za namna hiyo hazikuwa na kazi tena, jirani yake Severina aliniambia kwamba asubuhi ile alimwona akienda chooni kwa magoti.

Nilikwenda duka la dawa nikanunua kapsuli, zile ambazo kila mtu huziita rangi mbili na kuziamini kama sala. Nilichukua nne. Wengi huku tunajua matumizi yake: moja unameza, nyingine unaipasua, unga wake unaumwagia kidondani. Tulifanya hivyo Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi. Alhamisi mchana kidonda kilikuwa kikavu juu, kimefanya gamba la njano zuri kabisa. Nilimtangazia mke wangu kwamba mume wake ni daktari bingwa na malipo nitapokea kwa vichwa vya samaki. Dozi ikawa imekwisha.

Sijasema kwamba bibi ana sukari. Anayo tangu nikiwa darasa la sita. Alikuwa anaiita "yule mke mwenzangu", na hilo nalo tulilifanyia utani mpaka likapoteza maana.

Jumamosi gamba lilipasuka. Chini yake mguu ulikuwa umebadilika rangi mpaka juu ya kifundo, na kulikuwa na malengelenge makubwa yenye maji meusi kama zambarau zilizoiva. Homa ilimshika hadi meno yakagongana. Nilimwambia twende hospitali ya hapa Newala, ni mwendo wa kutembea. Akakataa. Akasema atakwenda Masasi.

Nilidhani homa imempanda kichwani. Masasi ni mbali, barabara inakutikisa mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Lakini alikuwa na akili zake zote. Ndani ya gari, Jumapili asubuhi, mguu ukiwa mapajani mwangu juu ya khanga iliyolowa, alinieleza. Hospitali ya Newala wanamjua. Wakijua ni samaki, bwana afya atasikia kabla jua halijazama, na bwana afya akisikia kwamba samaki wa Mama Wema wametoboa mtu mpaka kulazwa, banda litafungwa. Banda lile limemsomesha mama yangu hadi akawa mwalimu Lupaso. Limenisomesha mimi.

"Wakiuliza, nilijikwaa kwenye kisiki cha mkorosho, shambani," alisema. "Hata wewe unaweza kukumbuka hilo."

Nilimwambia nitasema alipigwa teke na mume wake. Hakucheka. Alinishika mkono, kucha zikaingia kwenye nyama, akangoja. Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama yangu kabla hatujafika kwenye mteremko wa kutoka Newala.

Hospitali tuliyofika upande wa Masasi walitupokea vizuri, na hilo nalisema kwa sababu watu hupenda kuwalaumu manesi. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, aliuliza kidonda kimetokana na nini. Nilijibu kisiki. Aliuliza kama kuna dawa yoyote ametumia kabla. Bibi alinitazama. Hilo la dawa hakuniapisha, ningeweza kusema. Lakini nilijua kwamba baada ya "dawa gani" litakuja "nani aliyempa", na baada ya hapo "kwa nini mlipasua", nikasema hajatumia kitu. Daktari akaandika. Nilimwona akiandika, herufi nzuri, zimelala upande mmoja: kisiki, shamba, hajatumia dawa.

Wakampa dawa ya mtu aliyejikwaa kisiki shambani. Wangempa nini kingine? Nesi mmoja alichovya pamba kwenye kidonda, akaiweka kwenye kichupa, ikapelekwa maabara.

Maabara nilimkuta Kibibi. Tulisoma wote, alikaa dawati la mbele yangu, na kwa miaka minne nilimfunga kamba za sweta kwenye kiti. Sasa alikuwa na koti jeupe na funguo nyingi. Nilimwuliza hilo koti amelikodi wapi. Akaniambia nisogee mlangoni nisije nikachafua hewa. Nilifurahi sana. Kwa dakika mbili nilisahau nilikuja kufanya nini kule.

Jumatatu bibi alikuwa na nafuu, au tulisema ana nafuu. Alimwuliza nesi kama ana dada wa kumwachia mume huyu, maana amechoka naye. Jumanne homa ikarudi na wekundu ukapita goti. Daktari aliongeza dawa. Mama alifika kutoka Lupaso, akakaa upande wa kichwa akimpepea kwa daftari la wanafunzi. Hakuuliza chochote kuhusu kisiki. Anajua shamba letu halina kisiki chochote njiani, lakini pengine hakutaka kufikiri hivyo.

Jumatano asubuhi Kibibi aliniita. Hakunitania. Alifunga mlango wa maabara, akaweka mezani kisahani kidogo chenye mfuniko. Ndani yake palikuwa na kitu kama uji ulioganda, na juu yake vijidoa vingi vinavyong'aa.

"Silvano, hawa ni wa baharini," alisema. "Ni ukoo mmoja na wa kipindupindu, ila hawa wanaishi kwenye maji ya chumvi, kwa samaki, kwa chaza. Sasa niambie. Bahari imefikaje kwenye mguu wa mwanamke wa Newala?"

Nilimwambia bibi anapenda kuogelea. Utani ulinitoka wenyewe, kama kikohozi.

Kibibi aliendelea kunitazama. Nikamtajia hongwe. Baada ya hongwe nikamtajia maji ya barafu, na baada ya maji ya barafu, kapsuli nne. Nilisema yote nikiwa natazama funguo zake. Alipiga simu wodini hapohapo, akazungumza na daktari kwa maneno ya kidaktari. Nilielewa neno moja tu, "leo".

Alipokata simu nilimwuliza kama kapsuli zile hazikusaidia hata kidogo. Sijui nilitaka anijibu nini. Kibibi ni mtu wa kujibu kinachoulizwa, tangu shule.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya majibu. Alichora umbo kama ndizi fupi, hilo ni bakteria. Akasema bakteria huyu akibanwa, na kubanwa kwenyewe kunaweza kuwa joto, au njaa, au dawa, hakai tu akingoja kufa. Ngozi yake ya nje inatuna kama ugali unavyotoa mapovu, na lile povu linakatika, linaondoka likiwa kifuko kidogo. Akachora vifuko vingi vidogo kuizunguka ile ndizi. Hadubini ya pale hospitali haiwezi kuviona, vinahitaji mashine kubwa. Lakini wataalamu waliochunguza ndugu wa bakteria huyu huko vyuoni wamekuta vifuko hivyo vina kazi. Uchafu ulioharibika ndani ya mwili wake anaufungia humo akautupa nje. Sumu ya kuozesha nyama anaisafirishia humo. Na ziko dawa zinazokuja kumshika ngozi, zinaikuta ngozi hiyohiyo imetawanyika kila mahali kwenye vifuko, zinashika vifuko, zinaishia huko.

"Yaani dawa inapigana na maganda," nilisema.

"Dawa ikiwa nyingi, na ikiwa ya kwake, inamfikia tu. Ikiwa kidogo, inamshtua." Alirudisha kalamu mfukoni. "Hapa sijampima huyu wa bibi kama ndivyo alivyofanya, siwezi kukuapia. Ila kapsuli mbili za kumeza na mbili za kumwagia ni kumgongea mlango kumwambia tunakuja."

Nilikunja ile karatasi. Sijui kwa nini nilidhani ni yangu. Nilimwuliza kama siku ile Jumapili ningesema hongwe, ingekuwaje. Hapo Kibibi kwa mara ya kwanza hakujibu kilichoulizwa. Alisema nimwahi bibi, watamtoa wodini.

Daktari alikuwa ameshamweleza. Mguu ukatwe, juu ya goti, na dawa ibadilishwe, na yote mawili yafanyike sasa hivi. Mama alikuwa analia bila sauti. Bibi alilala akinitazama mimi toka mlangoni mpaka nilipofika kitandani. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Umewaambia," alisema.

Nilisema ndiyo.

"Hata samaki?"

"Hata samaki."

Nilikuwa na maneno tayari. Nilitaka kumwambia mke mwenye mguu mmoja hawezi kumkimbia mume wake, na hilo lingemchekesha, nina hakika lingemchekesha, wiki iliyopita. Alifumba macho. Alimwambia mama, si mimi, amletee wino. Akaweka dole gumba kwenye fomu, akalibonyeza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Walipokuja na kitanda cha magurudumu nilishika reli upande mmoja nikasukuma nao mpaka kwenye mlango ambao huruhusiwi kuupita.

Walimkata. Alitoka hai. Jioni ile nilimwona, shuka ikiwa tambarare mahali ambapo haikupaswa kuwa tambarare, na nikapata tumaini la kijinga, kwa sababu mashavu yake yalikuwa yamerudisha rangi. Mama alishukuru Mungu. Alhamisi ile rangi ikazidi, tukajua ni homa. Wekundu ulitokea juu ya mshono, upande wa nyonga, ukubwa wa kiganja. Daktari aliuchorea kingo kwa kalamu, ili aone kama utavuka. Saa sita mchana ulikuwa umevuka. Akachora tena. Saa tisa ulikuwa umevuka tena, na sasa bibi alikuwa na mistari miwili ya kalamu tumboni kama ramani ya nchi inayopanuka.

Siku ile nilimfanyia utani wote niliokuwa nao. Nilianza na wa zamani, tuliouchoka, nikaja mpaka ule ambao nisingeuthubutu mbele ya mama. Mama hakunikataza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke wa Nanganga aliyekatwa kidole tumbo, alicheka mpaka akashika mshono na kuniomba nimhurumie. Bibi macho yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama taa ya dari, na mara moja moja anauma mdomo. Ilinijia polepole kwamba hakununa, wala hakuwa amelala. Alikuwa anaumwa tu, mbele yangu, bila kuficha. Hakuwa na nguvu ya kunificha tena. Nikaacha utani, nikachukua daftari la mama nikampepea.

Kabla ya jua kuzama aliomba maji. Nilimshikia kikombe. Alikunywa mafunda mawili akasema ni mengi, yaliyobaki nisiyamwage, kuna watu wana shida ya maji. Sikumkumbusha kwamba tuko Masasi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa. Yaliyofuata alisema kwa Kimakonde, haraka haraka, kwa watu ambao mimi siwajui.

Alifariki Ijumaa, saa nne asubuhi, wakati mama amekwenda kumpigia simu mwalimu mkuu kuomba ruhusa zaidi. Nilikuwepo. Hakuna cha kusimulia. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja, ikakawia, nami nikawa bado nangoja inayofuata wakati nesi alikuwa ameshaanza kukunja mpira wa dripu.

Gari la kumrudisha Newala lilikuwa linajazwa mafuta. Nilitumwa kufuata karatasi ofisini, na njia ya ofisini inapita mlango wa maabara. Kibibi alitoka akanipa pole. Alinishika bega, kitu ambacho kule shuleni angepigwa kwacho. Nilimwomba anionyeshe.

Alisita. Kisha akanipeleka kwenye kabati la chuma lenye kitaa chekundu, akafungua. Vilikuwemo visahani vinane au tisa, kila kimoja na jina la mtu. Alikitoa cha bibi. Safari hii vilikuwemo pia viduara vyeupe vya karatasi, sita. Alinieleza kwamba kila kiduara kina dawa yake, na dawa ikiwa inafanya kazi, pembeni yake pangekuwa na uwazi, bakteria wasingesogea. Viduara viwili vilikuwa na uwazi mpana. Hizo ndizo dawa walizompa Jumatano. Vingine bakteria walikuwa wamevifikia hadi ukingoni, wengine kama wanavipanda.

"Vinawaua hivi viwili," nilisema.

"Viwili hivyo, ndiyo. Siku ya kwanza vingewaua hata mguuni, labda." Alisema kwa upole, akageuza kisahani kidogo ili mwanga usinipige machoni.

Nilimwambia awamwagie spiriti, mbele yangu, sasa. Akasema hawezi. Watapelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa, kwa sababu hakuna aliyetegemea kuwakuta huku juu, na akija mtu mwingine na mguu kama ule, daktari ajue mapema. Nilijua ana haki. Nilijua kabisa, na bado mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Yeye alikiondoa kisahani taratibu bila kunilaumu.

Jina la bibi lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye mfuniko. Agatha, umri, wodi namba mbili. Chini ya jina vile vijidoa vilikuwa vinang'aa, vimenona, vingi kuliko vya Jumatano.

Nikamwuliza Kibibi kama hawa wanajua kwamba mwenye mguu amekufa.

Kilikuwa kichekesho. Kwa kweli sikuwa na kingine. Kibibi alifikiri, kama anavyofikiri kila swali.

"Hawajui," alisema. "Joto nimewawekea lilelile la mwili wake."

Akarudisha kisahani mahali pake, akafunga kabati. Nje dereva alikuwa anapiga honi.